Kupima msuguano kwa ubao, mshipi na chupa ya maji

Weka kipande cha mbao mezani, kifunge uzi, kisha kivute polepole kwa kidole kimoja. Hakiendi. Ongeza kidogo. Bado. Ongeza tena, na ghafla kinachomoka mbele kama punda aliyegoma kisha akabadili nia. Ule muda mfupi kabla hakijachomoka ndio tunaoutafuta katika somo hili. Wanafunzi wengi huja darasani wakidhani msuguano ni namba iliyochapishwa nyuma ya kitabu. Mimi nataka wauone ukipanda na ukivunjika mbele ya macho yao, kisha waupime kwa mikono yao.

Nafundisha fizikia Lamu. Vitabu vyetu hueleza msuguano kwa breki za gari na matairi juu ya lami, ilhali mtoto wa hapa amekua akiona punda aliyebebeshwa mchanga akishuka ngazi zenye maji, na mashua ikisukumwa kurudi baharini baada ya kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa zake. Mwongozo huu ni wa walimu wenzangu, na wa wanafunzi wa kidato cha tatu wanapofika kwenye sheria za Newton na nguvu ya msuguano. Vifaa vyote vinapatikana hapa mjini. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, lakini jambo likishaeleweka kwa lugha ya nyumbani, kulijibu kwa lugha ya pili ni kazi nyepesi.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Kwanza ni ubao wa urefu wa mita moja na upana wa sentimita 20 hivi, ulionyooka kabisa. Uchungulie kwa jicho moja kutoka ncha moja hadi nyingine, kama afanyavyo seremala; ukiona umepinda, urudishe. Pili ni kipande cha mbao chenye umbo la tofali, sentimita 20 kwa 10 kwa 5. Lamu haikosi mafundi wa milango wala wa vyombo vya baharini, na vipande vinavyobaki kwao vinatosha darasa zima. Mwombe fundi avipige randa pande zote sita na asipake vanishi. Ukipata mbambakofi ni vizuri, kwa kuwa ni mti mzito na kipande cha ukubwa huo kitakaribia gramu 800. Mti mwingine wowote unafaa pia, ilimradi upimwe uzito kwenye mizani ya kidijitali ya dukani, na uzito huo uandikwe kwa kalamu kwenye ubavu wa kipande chenyewe.

Kwenye uso mmoja mdogo wa kipande, funga kikulabu chini kabisa, kama sentimita moja kutoka ukingo wa chini. Kikulabu kikiwa juu, kipande huinamia mbele kinapovutwa na kuanza kuchimba kwa ukingo wake. Hapo unachopima si msuguano wa uso mzima tena.

Utahitaji pia mizigo: pakiti za chumvi za nusu kilo, au chupa za maji. Mililita moja ya maji ina gramu moja, kwa hiyo mwenye chupa yenye alama ana seti kamili ya mawe ya mizani bila kununua kitu.

La mwisho ni kifaa cha kuvutia. Kama maabara yenu ina mizani ya springi ya nyutoni 10, mmeshapata. Kama haina, usikimbilie mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Ile imetengenezwa kwa kilo nyingi, nasi tunatafuta gramu mia tatu au mia nne; sindano yake haitasogea hata alama mbili. Badala yake tumia kapi (gurudumu dogo la kupitishia kamba) na chupa, njia nitakayoieleza hapa chini. Kwa kweli mimi naipenda zaidi kuliko mizani.

Safisha kabla ya kupima

Hatua hii ndiyo inayorukwa na ndiyo inayoharibu matokeo kuliko zote. Hewa ya Lamu ina chumvi. Ubao ulioachwa wiki mbili karibu na dirisha linalotazama bahari hupata utando mwembamba wa chumvi, na chumvi hufyonza maji kutoka hewani pale unyevu unapozidi takriban asilimia 75, hali ambayo si ngeni pwani kwetu. Ubao unaonekana mkavu kumbe uso wake una unyevu. Upanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa, kisha uache juani hadi ukauke kabisa. Halafu uguse kwa msasa laini, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mti, na upanguse vumbi lote.

Baada ya hapo mikono isiguse uso wa ubao. Kipande kishikwe mbavuni. Mikono ya wanafunzi ina jasho, na asubuhi mara nyingi ina mafuta ya nazi.

Na hapa niseme kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha somo hili nilianza na jaribio la mafuta kwa sababu ndilo linalovutia. Nilipaka ubao mafuta ya nazi, darasa likafurahi, kisha nikasema sasa tufute tupime mbao kavu. Mafuta hayafutiki kwenye mbao. Yalikuwa yameshaingia ndani, na siku nzima kila kundi lilipata namba ndogo kuliko inavyostahili. Tangu siku hiyo mpango wangu haubadiliki: kavu kwanza, maji baadaye, mafuta mwisho, na ubao wa mafuta huwa ni wa mafuta maisha yake yote.

Kuvuta kwa mizani ya springi

Laza mizani mezani kabla hujaifunga, uitikise kidogo, uangalie kama inasoma sifuri. Mizani nyingi huwekwa sifuri zikiwa zimening'inia, ambapo uzito wa kulabu yenyewe huivuta springi. Ukiilaza, kulabu haivuti tena na sifuri inahama. Irekebishe ikiwa imelala vilevile utakavyoitumia.

Funga kipande kwa uzi mfupi, kama sentimita 30. Uzi uwe sambamba na ubao. Hili nalisisitiza kwa hesabu: ukivuta kwa nyutoni 3 huku uzi umeinuka kwa pembe ya nyuzi 30, nyutoni moja na nusu inakinyanyua kipande. Kipande kinakuwa chepesi juu ya ubao na msuguano unapungua bila wewe kujua. Mwanafunzi mmoja achutame macho yake yawe sawa na meza, kazi yake iwe moja tu: kusema "juu" au "chini" hadi uzi ulale.

Sasa vuta, polepole sana. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo huku nguvu ikipanda. Sindano itapanda, itapanda, kisha kipande kitachomoka na sindano itaanguka. Namba kubwa kabisa kabla ya kuanguka ndiyo msuguano tuli wa juu kabisa. Namba ndogo inayobaki kipande kikiwa kinateleza ni msuguano wa mwendo. Jicho la mtu huikosa ile ya kwanza, kwa hiyo rekodi sindano kwa video ya simu, kisha irudishe taratibu na kuisimamisha pale ilipofika juu. Hii ndiyo kazi nzuri kabisa ninayoijua ya simu darasani.

Msuguano wa mwendo una shida yake. Mkono wa mtu hauwezi kuvuta kwa mwendo usiobadilika, na kila mkono ukiharakisha, mizani inasoma zaidi ya msuguano. Dawa yake ni kugeuza kazi. Funga mizani kwenye nondo ya dirisha, ifunge kipande, na kipande kikae juu ya ubao. Kisha vuta ubao ulio chini. Kipande kinabaki pale pale, ubao unapita chini yake, na sindano inatulia mahali pamoja hata kama anayevuta ubao anatetemeka. Kwa nini? Kipande hakiongezi kasi, kwa hiyo nguvu ya springi na nguvu ya msuguano lazima ziwe sawa. Mpe mwanafunzi nafasi aliseme hilo mwenyewe. Akiweza kulieleza, sheria ya kwanza ya Newton ameshaielewa.

Njia ya kapi na chupa

Wana wa mabaharia hawahitaji kufundishwa kapi ni nini. Chukua dogo, la chuma au plastiki, linalozunguka bila kukwama, ulifunge kwenye ukingo wa meza. Pitisha mshipi wa kuvulia kutoka kwenye kikulabu, juu ya kapi, hadi kwenye chupa tupu ya plastiki inayoning'inia. Hakikisha kapi liko kimo kile kile cha kikulabu ili mshipi ulale sambamba na ubao. Weka ndoo yenye mchanga chini ya chupa, maana itaanguka.

Mimina maji ndani ya chupa kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 10 kwa 10, na ukikaribia, mililita 5. Subiri chupa itulie kila mara kabla ya kuongeza. Kipande kikianza kwenda, simama. Uzito wa maji pamoja na uzito wa chupa tupu ndio uliokishinda kipande. Watu hushtuka wanapoona mililita tano za maji, kijiko kimoja cha chai, zikikiondoa kipande kilichokuwa kimetulia tuli.

Kuna jambo moja la uaminifu hapa. Kapi nalo lina msuguano wake kwenye mhimili, na unaiba sehemu ya uzito wa chupa. Upime. Ning'iniza chupa mbili zilizo sawa, mfano zenye gramu 300 kila moja, moja kila upande wa kapi, kisha ongeza maji upande mmoja mpaka zianze kwenda. Tuseme zimehitaji gramu 15. Kwenye jaribio letu mshipi unapinda pembemraba tu badala ya kugeuka nyuma kabisa, kwa hiyo mhimili unakandamizwa kwa takriban saba ya kumi ya vile ulivyokandamizwa na chupa mbili. Toa basi kama gramu 10 kwenye kila kipimo kilicho karibu na gramu 300. Mzigo ukiwa mara mbili, toa mara mbili. Kapi likila gramu 50, tafuta jingine.

Mizigo minne na mstari mmoja

Kipimo kimoja hakisemi lolote. Anza na kipande peke yake, kisha kiongezee nusu kilo, kilo moja, kilo moja na nusu. Kila mzigo upimwe mara tano. Baina ya kipimo na kipimo, kinyanyue kipande na kukirudisha mahali pale pale pa kuanzia, palipowekwa alama ya penseli ubavuni mwa ubao.

Tuseme kipande ni kilo 0.8. Matokeo ya kawaida kwa mbao juu ya mbao yanaweza kuwa hivi: kwa kilo 0.8 ilihitajika kilo 0.30 kukiondoa; kwa 1.3 ilihitajika 0.47, kwa 1.8 ilihitajika 0.66, kwa 2.3 ilihitajika 0.84. Chora grafu, mzigo mzima kwenye mhimili wa mlalo na nguvu ya kuvuta kwenye mhimili wa wima. Nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka. Mwinuko wake ni 0.84 kutoa 0.30, ugawanye kwa 2.3 kutoa 0.8, yaani 0.54 kwa 1.5, ambayo ni 0.36. Huo ndio uwiano tunaouita kizigeu cha msuguano, huandikwa kwa herufi ya Kigiriki μ. Hauna kizio, kwa sababu ni nguvu kugawanywa kwa nguvu.

Angalia kwamba sikubadilisha kilo kuwa nyutoni. Pande zote mbili zingezidishwa kwa namba ile ile, 9.8 ya vitabu au 9.78 ya hapa kwetu karibu na ikweta, na namba hiyo ingejifuta. Kwenye ripoti wanafunzi waandike nyutoni, kwa kuwa ndivyo watakavyoulizwa, lakini wajue kwamba kizigeu hakitabadilika hata wakipima kwa ratili.

Mstari wa kweli unapaswa kupita kwenye sifuri au karibu nayo. Ukianzia 0.3 hivi kwenye mhimili wa wima, nakuhakikishia kwamba kundi hilo limeandika mizigo iliyoongezwa tu na kusahau uzito wa kipande chenyewe. Usiwaambie. Waulize: "Mzigo ukiwa sifuri, kipande kiko wapi?" Kisha nyamaza.

Kipimo kinachokataa kufuata wenzake ni funzo jingine. Kundi linapata 0.30, 0.32, 0.29, 0.31, halafu 0.38, na mkono wa kwanza unakwenda kwenye raba kuifuta ile ya mwisho. Mzuie. Kinyanyueni kipande mtazame chini yake. Huwa kuna chembe ya mchanga iliyokwama, au mahali ubao una fundo. Mkiona sababu, iandikeni kisha mrudie kipimo. Msipoiona, namba inabaki kwenye jedwali na wastani unakuwa 0.32, pamoja na maelezo kwamba vipimo vilitoka 0.29 hadi 0.38. Nimewahi kusahihisha ripoti ambayo kila namba ilikuwa imerekebishwa ili ilingane na jedwali la kitabu. Ilikuwa safi sana, na haikuwa na hata kipimo kimoja ndani yake. Iliniumiza, kwa sababu yule kijana alikuwa amepima vizuri. Namba zake za penseli zilizofutwa zilikuwa zinasomeka bado, na zilikuwa sahihi kwa ubao wake. Kitabu kilipima mbao nyingine.

Hilo ndilo ningependa kila mwanafunzi aondoke nalo: msuguano si mali ya kitu kimoja. Hakuna "msuguano wa mbao". Kuna msuguano wa mbao hii juu ya mbao ile, zikiwa kavu hivi, zimepigwa msasa hivi, zimekaa pamoja muda huu. Ukibadilisha mmoja wa wawili hao, umebadilisha namba.

Inamisha ubao

Sasa hakiki jibu lako kwa njia isiyohitaji mizani kabisa. Weka kipande kwenye ubao, kisha inua ncha moja polepole. Tumia vitabu, kimoja kimoja, au mwanafunzi mwenye mkono mtulivu. Kipande kinapoanza kuteleza, simamisha ubao pale pale na mpime vitu viwili: kimo cha ncha iliyoinuliwa kutoka mezani, na umbali wa mlalo kutoka chini ya ncha hiyo hadi ncha iliyobaki mezani. Gawanya kimo kwa umbali wa mlalo. Hiyo ni tanjenti ya pembe, nayo ndiyo kizigeu cha msuguano tuli.

Kwa ubao wetu wa mita moja, kimo cha sentimita 34 na mlalo wa sentimita 94 hutoa 0.36, sawa na grafu. Njia mbili tofauti zikikutana hivyo, darasa linatulia lenyewe.

Umbali wa mlalo upimwe kwa timazi: ning'iniza uzi wenye kokoto kutoka ncha ya juu, uweke alama mezani pale kokoto inapoelekea. Wengi hukosea kwa kugawanya kimo kwa urefu wa ubao. Hiyo ni saini (sine) ya pembe, si tanjenti, na jibu linatoka 0.34. Meza yenyewe ikaguliwe kwa pimamaji kwanza. Majengo yetu ya zamani ni mazuri lakini sakafu zake si lazima ziwe bapa.

Msigonge meza. Mtikisiko mdogo unakitoa kipande kabla ya wakati wake.

Kura kabla ya kukigeuza kipande

Hapa ndipo somo linapochangamka. Kipande kimelala kwa uso wake mpana, sentimita 20 kwa 10. Waulize: tukikisimamisha kwa ubavu, sentimita 20 kwa 5, msuguano utapungua nusu, utabaki, au utaongezeka? Kila mtu aandike jibu lake kabla ya mtu kugusa kitu. Darasani kwangu walio wengi huandika kwamba utapungua nusu. Kisha tunapima, na namba inabaki ile ile, ndani ya tofauti ndogo za vipimo vyetu.

Mfaransa Guillaume Amontons aliyachapisha hayo mwaka 1699: msuguano hufuata uzito unaokandamiza, wala haujali ukubwa wa eneo. Leonardo da Vinci alikuwa ameshayaandika kwenye madaftari yake takriban miaka 200 kabla, lakini hayakuchapishwa enzi zake. Sababu yake naieleza kwa mawe ya matumbawe yaliyojenga nyumba zetu. Chukua mawili, uyakutanishe. Yanagusana wapi? Kwenye ncha chache tu, pengine tatu au nne. Kwingine kote ni upenyo. Mbao iliyopigwa randa, ukiikuza vya kutosha, iko hivyo hivyo. Eneo linalogusana kweli ni dogo mno kuliko eneo tunaloliona, nalo huongezeka kadiri tunavyokandamiza, kwa sababu ncha zinabonyea na ncha nyingine zinafikiwa. Ukikiweka kipande kwa ubavu, ncha ni chache lakini kila moja inabeba zaidi. Jumla haibadiliki.

Weka mawe hayo mawili mezani siku nzima. Wanafunzi wataendelea kuyashika.

Nyuso za nyumbani

Mkishaupata mbao kwa mbao, badilisheni uso wa chini, mmoja mmoja, kwa kipande kile kile. Mkeka wa miyaa ulionyooshwa na kubanwa kwa vibanio. Kigae cha sakafu. Msasa. Kipande cha ukuta wa chokaa kama mnacho. Kila kundi lichukue nyuso mbili, kisha majibu yaandikwe pamoja ubaoni.

Soli ya ndara naipa nafasi ya peke yake. Mwombe fundi viatu aibandike chini ya kipande. Kwenye saruji kavu raba hutoa kizigeu kikubwa, hata kukaribia 1, maana yake ni kwamba kukivuta kipande ni kazi karibu sawa na kukinyanyua. Mwagia maji na kizigeu kinashuka. Kila mtu aliyeshuka ngazi za gati maji yakiwa yamepwa, pale mwani unapoota, anajua kitu hiki kwa mgongo wake. Sasa anakijua kwa namba. Wenye bidii wachore grafu ya raba kwa mizigo minne. Wataona mara nyingi mstari unapinda kidogo: mzigo ukizidi, kizigeu kinapungua. Sheria ya Amontons ni nzuri kwa mbao na chuma, ila raba ni laini na inajifinyanga, haiitii sawasawa. Ni vyema mtoto ajue mapema kwamba sheria zina mipaka yake.

Vumbi la mchanga mkavu juu ya kigae kilaini hupunguza msuguano, kwa kuwa chembe huviringika kama magogo chini ya chombo. Na vioo viwili safi kabisa, vikikutanishwa, husuguana sana kuliko mbao, ingawa kila mtu atakuambia kilaini ndicho kinachoteleza. Vioo vishikwe na mwalimu, kingo zake zizungushiwe utepe.

Chombo kilichokaa

Jaribio la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa kipya. Weka kipande na mzigo wake juu ya ubao, subiri sekunde tano, pima. Rudisha, subiri dakika moja, pima. Rudisha, subiri dakika kumi, pima. Kwa mbao juu ya mbao, nguvu ya kukiondoa huelekea kuongezeka kadiri kilivyokaa. Ongezeko ni dogo, kwa hiyo mpime mara nyingi na mchukue wastani.

Aliyelichunguza hili kwa makini ni Charles-Augustin de Coulomb, yule yule ambaye jina lake wanafunzi watalikuta kwenye umeme. Alikuwa mhandisi wa jeshi, na majaribio yake ya msuguano aliyafanya Rochefort, kwenye bandari ya jeshi la majini la Ufaransa iliyokuwa na karakana za meli. Mwaka 1781 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Alivuta mbao juu ya mbao, kavu na zilizopakwa mafuta, akaona kwamba mbao zilizotulia pamoja hushikana zaidi.

Hapa huwapeleka wanafunzi Matondoni, kijiji cha kisiwani hapa Lamu, ambako vyombo bado huundwa, au huwaomba wasimulie waliyoyaona wenyewe. Chombo kinaposhuliwa, yaani kinaposukumwa majini, kinawekewa magogo chini na nyuso zinapakwa mafuta. Watu hujipanga, huitikia mwito, huvuta kwa pamoja, na mvuto wa kwanza ndio mzito kuliko yote. Kikishaanza hakiachwi kisimame. Waulizeni mafundi kwa nini, kwa adabu, na muandike jibu lao kama walivyolisema. Kisha rudini kwenye jedwali lenu: msuguano tuli mkubwa, msuguano wa mwendo mdogo, mafuta kati ya mbao na mbao, kuviringika badala ya kuteleza. Jambo moja tu mlitenge: chombo kilichokaa mchangani kina mkuku (mti wake wa chini kabisa) uliozama, na kuuchomoa huko si msuguano mtupu. Msilichanganye na hesabu ya ubao.

Mkimaliza, ubao mkavu ufungwe kwenye gazeti na uwekwe kabatini mbali na dirisha. Nyuma yake andikeni aina ya mti, kizigeu mlichopata, tarehe, na msimu. Darasa langu la Februari, kaskazi ikivuma na hewa ikiwa kavu, huacha namba yake pale. Darasa linalopima Mei wakati wa masika hulifungua gazeti, hupima kabla ya kuisoma, kisha huugeuza ubao.